Sauti ya Kabatini

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita nilikuachia mke wangu Vibeke amesimama katikati ya sebule, televisheni inaongea, mikono imemlegea. Bado amesimama. Lakini ngoja kwanza nimshike mkono aliyeingia leo, asije akapotea njiani.

Mimi naitwa Asger Munkholm, fundi sauti wa studio ya katuni hapa Viborg. Mwaka jana tulipata kazi ambayo kila studio ya Denmark huililia: katuni ya kalenda ya Krismasi. Vipindi ishirini na vinne, kimoja kila jioni, kuanzia tarehe mosi Desemba hadi mkesha wa Krismasi. Yetu inaitwa Myra na Jua Lililozama. Msichana anatumbukia kwenye kinamasi, anakwenda chini kabisa kulitafuta jua, yeye na sungura asiye na masikio.

Kabla ya mwigizaji kuajiriwa, sisi hurekodi sauti ya muda, ili wachoraji wapate cha kuchorea midomo. Ikishafanya kazi yake hutupwa. Sauti ya muda ya Myra aliitoa binti yangu Tilde, miaka tisa, ndani ya kabati letu la makoti, maana makoti huua mwangwi. Alirekodi vipindi kumi na tisa. Desemba ya mwaka jana akalazwa, Machi mwaka huu tukamzika.

Ndipo akaajiriwa Alberte, miaka kumi, mtoto wa Bjerringbro. Akarekodi vipindi vyote ishirini na vinne, na mwongozaji wetu Bodil akavipitisha. Mimi ndiye mkono wa mwisho kabla kazi haijaenda televisheni. Katika vile kumi na tisa nikaitoa sauti ya Alberte, nikaweka ya mwanangu. Sikumwambia mtu.

Sasa turudi sebuleni.

"Kuna mtu huku chini?"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya Myra. Anaanguka kinamasini, giza tupu, kisha anauliza hivyo. Na aliyeuliza, tarehe mosi Desemba, saa kumi na mbili na nusu jioni, ndani ya nyumba yetu, alikuwa Tilde.

Vibeke hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Alisimama vilevile dakika zote kumi na mbili. Majina ya waliotengeneza katuni yakapita, akayasoma mpaka la mwisho. Ndipo akanigeukia.

"Siku ya mazishi nilikuuliza. Asger, huko studio imebaki sauti yoyote ya Tilde ambayo sijaisikia? Ulinijibu nini?"

"Nilisema hakuna."

"Kwa nini?"

Hapa, ndugu msomaji, mume mwenye akili angesema alitaka kumlinda mkewe. Nami nilikuwa nimeshaliandaa jibu hilo. Lakini si kweli. Nilitaka iwe yangu. Kila mtu alikuja kumlilia Tilde pamoja na Vibeke, mimi nikawa natia kahawa vikombeni. Nilitaka kitu kimoja cha mwanangu nisichogawana na mtu. Uchoyo, basi.

"Sijui," nikasema.

"Mwongo mkubwa wewe." Akakaa. "Vipo vingapi?"

"Ishirini na vinne."

Vipindi ni ishirini na vinne kweli. Hakuuliza vyenye Tilde ni vingapi, nami sikujipeleka.

Halafu likatokea nisilolitegemea. Vibeke aliinuka akaenda jikoni. Tangu Agosti mke wangu alikuwa mtu wa kitandani. Daktari alishajaza karatasi za kumlaza. Nikamsikia anafungua jokofu, nikaenda nyuma yake, nikamkuta anakula mkate mweusi na ini la kusaga, kwa haraka, hajaketi.

"Video za simu nimezichoka," alisema mdomo umejaa. "Nazijua zote, naweza kuzisema nimelala. Huyu anasema maneno mapya, Asger. Kila siku atasema jipya. Mwishoni anasema nini?"

Mdomo wangu ulinitangulia. "Mkesha wa Krismasi anatoka kinamasini na jua mkononi. Anagonga mlango wa kwao, anasema, 'Mama, nimerudi.'"

Vibeke aliweka kisu chini taratibu.

"Basi nitakula mpaka hapo," akasema.

Na sentensi hiyo, kabatini mwetu, Tilde hakuifikia.

Kesho yake asubuhi Bodil aliniita. Bodil ana miaka sitini na moja, kikohozi cha mvuta tumbaku, na hana mchezo.

"Funga mlango. Jana watoto ishirini na wawili walijazana kwa Alberte. Darasa zima. Mama yake kawapikia vitumbua na jamu. Myra akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mwingine. Unajua walimwitaje?"

"Mwongo."

"Kumbe unajua."

"Bodil, sikiliza..."

"Nimeshasikiliza! Nilikuwepo kanisani, Asger. Nimelibeba lile jeneza pamoja na wewe. Unadhani sitaijua sauti ile?" Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, labda si ya kikohozi. "Na ni nzuri. Mungu anisamehe, ni nzuri kuliko ya mwenzake, kwa sababu ile midomo ilichorwa juu yake. Lakini nimewachorea watoto miaka arobaini, sijawahi kumwibia hata mmoja. Wewe umemwibia."

"Nipe mpaka kumi na tisa."

"Kwa nini kumi na tisa?"

"Ndivyo alivyoviacha."

"Nenda Bjerringbro leo. Mwambie yule mtoto ukweli, uso kwa uso, kama mtu mzima. Akikubali, Tilde anabaki mpaka kumi na tisa. Akikataa, kesho vyote vinarudi kuwa vya Alberte. Umenielewa? Leo, si kesho."

"Nimeelewa."

Sikwenda. Nilikaa ndani ya gari kwenye maegesho ya studio, nikapiga simu. Akapokea Pernille, mama wa Alberte. Nikamwambia mitambo imeharibu vipindi kumi na tisa, ikabidi tuweke sauti ya akiba, lakini kuanzia cha ishirini mwanawe atasikika bila shaka yoyote.

"Mitambo gani hiyo inayojua kuongea kitoto?" akauliza.

"Ni mambo ya kiufundi."

"Haya. Nitamwambia ahesabu siku. Lakini wewe bwana, hujui mtoto huyu amelala analia."

Nikarudi kwa Bodil. "Amekubali."

"Alilia?"

"Kidogo," nikasema.

Unaona nilipofika? Hata machozi ya mtoto nisiyemwona niliyapima mwenyewe.

Siku zikaenda. Kila jioni Vibeke aliwasha mshumaa wa kalenda, ule wenye namba ubavuni, akaacha uungue namba moja, kisha tukatazama. Alianza kuoga asubuhi. Akampigia mama yake. Daktari alizichana zile karatasi mbele yetu, akanipongeza mimi, eti mume anayejua kukaa na mgonjwa. Nikashukuru.

Tarehe kumi na moja alizima mshumaa mpya, akatoa kabatini wa mwaka jana. Ulikuwa umeungua ukaishia namba kumi. Siku iliyofuata mwaka ule, asubuhi, tulikuwa hospitali.

"Tumalizie huu," akasema.

Jioni hiyo Myra alikuwa anapanda mzizi mrefu. "Usiniache, sungura, nina... kuja." Akavuta pumzi katikati ya neno. Wachoraji walikuwa wameichora pumzi ile, kifua kinapanda, mabega yanapanda. Bodil aliipenda tangu mwanzo, aliona inampa Myra uhai.

Vibeke akasimamisha picha.

"Hii mlirekodi lini?"

"Oktoba."

"Oktoba tayari anapumua hivi?"

Nikatazama mshumaa.

"Na wewe ulikuwa nje ya kabati, hedifoni masikioni. Kazi yako ni masikio, Asger. Watu wanakulipa kwa ajili ya masikio. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukafanya nini?"

"Nilimwambia vizuri sana, arudie hivyo hivyo."

Hilo ndilo jiwe ninalolibeba, na sehemu tano zilizopita nilizunguka pembeni yake kwa kuogopa kulitaja. Miezi mitatu mwanangu aliniambia anaumwa, pumzi kwa pumzi, sikioni mwangu kabisa. Nikamsifu. Nikaisafisha sauti, nikaipanga, nikaenda kulala. Walipougundua ugonjwa, madaktari walisema laiti tungekuja mapema kidogo.

Vibeke hakunitukana. Alihama kochi, akakaa kiti cha dirishani.

"Wewe nitakusikiliza baada ya mkesha," akasema. "Sasa hivi namsikiliza yeye. Endeleza."

Tarehe kumi na saba nilimkuta chumbani kwa Tilde. Madirisha wazi, baridi inaingia, yeye anatandika shuka safi. Nikasimama mlangoni, nikamtazama.

"Usinitazame hivyo, sijawa mwendawazimu," alisema. "Najua yuko wapi, nilimwona akifukiwa. Nataka niisikie ile moja tu. 'Mama, nimerudi.' Nikishaisikia, nitamwacha aende. Nitaweza. Bila hiyo, Asger, sidhani."

"Sawa."

"Ipo, siyo?"

"Ipo," nikasema.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imebaki siku mbili. Vipindi vitano vya mwisho vilikuwa bado kwangu, maana tulichelewa kama kawaida yetu, na vilitakiwa televisheni asubuhi ya kumi na tisa. Vyote vitano ndani yake kuna Alberte, sauti safi yenye afya, haina kasoro. Vibeke angeijua kwenye neno la kwanza.

Basi tarehe kumi na nane jioni niliwasha gari, nikaenda Bjerringbro, nimechelewa siku kumi na sita.

Alifungua mlango mwenyewe. Mtoto mwembamba, waya kwenye meno, nywele zimejaa unga wa ngano.

"Wewe ndiye wa mitambo," akasema.

"Ndimi."

"Mama! Wa mitambo kaja!"

Pernille alitokea jikoni, anajifuta mikono. Hakunisalimu. "Viatu," akasema, nikavua.

Jikoni walikuwa wanakata biskuti. Juu ya meza ukutani palibandikwa karatasi yenye namba, kumi na saba zimekatwa kwa kalamu, ishirini imezungushiwa nyekundu mara nyingi mpaka karatasi imetoboka.

"Wanakuja tena keshokutwa," Pernille alisema. "Darasa zima, na mwalimu wao. Safari hii wataona."

Nikakaa, nikasema yote. Studio, kabati, kumi na tisa, mazishi, Bodil, simu yangu ya uongo. Sikujua ukweli ni mfupi kiasi kile. Haukumaliza dakika tatu.

"Toka nyumbani kwangu," Pernille alisema.

"Ngoja, Mama." Alberte alikuwa ananitazama. "Kwa hiyo hapakuwa na mitambo."

"Hapakuwa."

"Na aliyesema amekufa."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana Myra anapumua katikati ya neno?" Akaweka kisu cha biskuti chini. "Bodil aliniambia nipumue pale anapopumua, la sivyo mdomo wa kwenye picha unakataa. Nilipata taabu mimi! Siku ya kwanza nilisikia kizunguzungu. Nilidhani Myra ana pumu."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nisikilizishe. Yeye peke yake, bila muziki."

Nikaweka simu katikati ya unga, nikamwekea rekodi ya mwisho, ile ya tarehe kumi Desemba. Tilde anamwambia sungura wasilale, jua liko karibu. Nilikuwa nimesahau kinachofuata, kwa sababu kwenye katuni nilikikata mwenyewe, na kila nikisikiliza huzima hapo. Safari hii mkono ulichelewa.

Makoti yakasikika yanasugua. Kisha ile sauti, si ya Myra tena, ya nyumbani kabisa: "Baba, nimechoka. Tumalizie kesho."

Na mimi kwa mbali: "Sawa, malkia."

Pernille akavuta kiti, akakaa.

"Kesho mlimaliza?" Alberte akauliza.

"Hapana."

"Sasa unataka nini kwetu?"

Nikasema. Niliwaomba Alberte avirudie vile vitano kwa sauti ya Tilde, jioni hiyo hiyo, studio iko tayari. Nikataja mkesha na lile neno. Nikamtaja Vibeke.

"Hata vile vitano unavitaka?" Alberte alisema. Akaigeukia karatasi ya ukutani. "Nimewaambia wangoje cha ishirini. Nimewaambia wote."

"Asger," Pernille alisema polepole, "hivi wewe huna aibu?"

"Nilikuwa nayo."

"Usinichekeshe. Mwanangu anaitwa mwongo shuleni, anakula peke yake, kwa sababu yako. Sasa umekuja kumwomba afute na kilichobaki? Mkeo namwonea huruma, wallahi namwonea. Wewe hapana."

Alberte aliokota kipande cha unga, akakifinyanga kikawa mviringo, akakiponda tena kwa kidole.

Kisha akafumba macho.

"Mama, nime... rudi."

Pumzi ilikaa palepale pake. Pernille aliziba mdomo kwa mkono, unga ukabaki mashavuni.

"Naweza," Alberte alisema, amefumbua macho. "Nimemfuata mdomo wake majira yote ya kiangazi, namjua. Lakini sitaisema kwa siri. Nimeitwa mwongo kwa uongo wako, na sikuwa mwongo. Nikifanya hivi ndiyo nitakuwa. Mkeo ajue kwanza. Akisema anaitaka hata hivyo, nitaisema, na wenzangu wanicheke wakitaka."

"Hujui unachoomba," nikamwambia. "Akijua haipo..."

"Wewe ndiye hujui," Pernille alinikata. "Mtoto amemaliza."

Simu ikalia palepale katikati ya unga. Jina la Vibeke. Nikaitazama kama bili ya daktari. Ikalia mara nne.

Alberte akabonyeza, sauti ikatoka wazi jikoni.

"Uko wapi, Asger? Inakaribia. Nimeshawasha mshumaa."

Nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Asger?"

"Siyo Asger," Alberte alisema. "Yuko hapa, lakini hasemi. Mimi naitwa Alberte."

Nilisikia saa yetu ya ukutani kupitia simu.

"Najua wewe ni nani," Vibeke akasema. Sauti yake ilikuwa shwari, na hilo ndilo lililonitisha. "Jina lako linapita kila jioni, mahali pa jina la mwanangu. Tangu siku ya kwanza nimekuwa nikilisoma na kujiuliza huyu mtoto yuko wapi, na kwa nini sisikii akilalamika. Ulikuwa unaumia, siyo?"

"Ndiyo."

"Pole, mwanangu. Nilipaswa kukutafuta. Niliogopa, kwa sababu nilijua ukija utakuja na hesabu ya vipindi alivyoviacha Tilde. Hebu nisaidie. Huyo aliye mbele yako siwezi kumuuliza tena, ataniambia ninachotaka. Ile ya mkesha wa Krismasi, 'Mama, nimerudi.' Tilde aliisema, au hakuisema?"

Nilinyoosha mkono niichukue simu. Pernille akanishika kifundo cha mkono, akanibana mezani kwa nguvu ambazo sikuzitegemea.

Alberte alinitazama mimi kwanza. Kisha akasogeza mdomo karibu na simu, akavuta pumzi.